Kamera Mkebeni, Kileleni Kipipiri

Jumatatu, Februari 3, 2025

Nimepata kazi, tena nimeipata mbele ya macho ya Wariara. Utamu uko hapo.

Wariara ana kibanda cha picha mkabala na changu, hapa Bondeni. Ana umri wa binti yangu Malak na wateja mara tatu ya wangu. Asubuhi alikuwa akiongea na Mwalimu Cheruto, mwalimu mstaafu kutoka Subukia. Nikasogea nikijifanya natafuta kivuli. Nikasikia yote. Mwalimu anatimiza miaka sabini Jumamosi na anataka kuwa kileleni Kipipiri siku hiyo. Anataka arekodiwe huko juu akimsemesha dada yake mkubwa, Chepngeno, aliyevunjika nyonga mwaka jana na hajatoka kitandani tangu hapo. Walikuwa wamepanga kuupanda mlima huo pamoja wakiwa wasichana. Haikuwezekana.

Wariara alikuwa akimwonyesha kamera yake, kidude cha kuingia mfukoni, kinatumia kadi. Nikaingilia kati kwa heshima. Nikasema yangu ina diski ndani, inameza saa sitini bila kubadilishwa chochote. Mlima mzima utaingia. Mwalimu akanitazama miguu, akauliza kama naweza kupanda. Nikamwambia mimi ni mtu wa milima.

Wariara akarudi kibandani kwake. Ushindi.

Jumanne, Februari 4

Kamera hii niliinunua kwa wamisionari waliokuwa wakirudi kwao, zamani. Kijitabu chake sijawahi kukisoma. Leo kimeanguka kutoka kwenye mkoba, kikafunguka chenyewe. Ukurasa wa sita: isitumiwe mahali palipo juu ya mita elfu tatu.

Kipipiri ni mita 3,349.

Nimeitazama sentensi hiyo mpaka chai ikapoa. Kwa nini? Kamera haina mapafu. Kuluthum, mke wangu, akasema labda inaogopa baridi, niivike sweta.

Nikaenda Njoro kumwona Kipkemboi, anayefundisha fizikia. Niliwahi kurekodi harusi yake. (Nilikosa viapo tu. Hana kinyongo.) Alifurahi kuulizwa, akachora kwenye karatasi. Ndani ya kamera kuna sahani inayozunguka maelfu ya mara kwa dakika moja. Juu yake kuna kichwa kidogo kinachoandika. Kichwa hicho hakigusi sahani! Kinaelea juu ya hewa, kwenye nafasi nyembamba kuliko unywele. Mlimani hewa ni nyepesi, haikibebi sawasawa. Kikishuka kinakwaruza sahani, na picha zote kwaheri.

Nilibaki mdomo wazi. Miaka yote hii nimebeba begani kitu kinachopaa, na sikujua.

Ushauri wake ulikuwa mfupi. Niizime kabla ya kufika elfu tatu, maana ikizimwa kichwa hukaa pembeni na kuibeba juu hakuna neno. Nisiitikise ikiwa inaandika. Na kileleni nitumie kamera ya kadi, ambayo haina kitu kinachozunguka.

Kamera ya kadi. Yaani ya Wariara. Nikashukuru, nikaondoka na wazo langu mwenyewe.

Jumatano, Februari 5

Kama shida ni hewa, si nibebe hewa?

Nimelifikiria usiku kucha na sijaona kosa. Nitaiwasha kamera nikiwa chini ya mita elfu tatu, niitie kwenye mkebe mgumu unaoonyesha ndani, nifunge kabisa. Hewa ya chini itapanda nayo. Kamera haitajua imefika wapi.

Mkebe nimeupata jikoni. Plastiki nene, wa peremende za dukani, mdomo mpana. Kuluthum huwekea bizari ya pilau. Nimeimwaga bizari kwenye sufuria na kuuosha mkebe mara tatu. Bado unanukia karafuu. Kwenye mfuniko nimezungusha kipande cha tyubu ya baiskeli. Nikauzamisha kwenye beseni la maji: hakuna hata povu moja. Mwanamume mzima nikacheka peke yangu uani.

Kuluthum akaja akauliza mkebe wake uko wapi. Nikamweleza habari ya kichwa kinachoelea. Alisikiliza vizuri, hata akauliza ni nani aliyegundua. Kisha akauliza tena mkebe wake uko wapi.

Alhamisi, Februari 6

Majaribio Menengai, pale ukingoni wanapotazamia bonde. Mchana, jua kali. Nikaiwasha, nikaifunga, nikairekodi kreta, lile shimo la volkeno, dakika kumi. Picha imepinda kidogo kwa sababu mkebe ni wa mviringo, lakini kreta yenyewe ni ya mviringo. Tatizo moja: ikishafungwa siwezi kuizima wala kuvuta picha karibu. Itarekodi tu mpaka nifungue. Si neno. Betri yangu kubwa inadumu kwa saa tatu.

Jioni Wariara akaja kibandani. Amesikia habari za mkebe, bila shaka kutoka kwa Kuluthum. Akaniwekea kamera yake juu ya meza. Akasema, "Mzee Miraji, beba hii iwe ya akiba. Ndani haina kitu cha kuanguka."

Nikamjibu kwamba fundi haendi kazini na msumeno wa jirani. Akasema sawa, yeye atakuja hata hivyo, Mwalimu amemkaribisha apande nao kama mgeni tu. Mgeni! Nimemfahamu.

Jumamosi, Februari 8

Naandika miguu ikiwa kwenye beseni la maji ya chumvi.

Tulikuwa watano. Mwalimu Cheruto na fimbo yake. Mwanawe Kipngeno, mkulima wa ngano, mtu wa maneno machache. Chelagat, askari wa msitu aliyetuongoza. Wariara. Mimi. Tuliingia msituni jua likichomoza. Matope, kinyesi cha ndovu bado kinafuka moshi, halafu mianzi iliyosongamana hadi mchana ukawa kama magharibi. Mtu wa milima nikapumzika mara kumi na moja. Mwalimu hakupumzika isipokuwa kunisubiri.

Kwenye mianzi, saa ya mkononi ya Kipngeno ikaonyesha mita 2,950. Nikawasimamisha. Nikaiwasha kamera, nikaitia mkebeni, nikakaza mfuniko hadi mshipa wa shingo ukanitoka. Kisha, kwa kuwa haitakiwi kutikiswa, nikaifunga kifuani kwa leso ya Kuluthum. Kipngeno akaniuliza, "Boss, analala?" Ndiyo sentensi yake ndefu zaidi ya siku.

Tulipotoka kwenye mianzi baridi ikatupiga. Nikachungulia mkebe. Ukungu! Si nje, ndani. Kamera ina joto, plastiki imepoa, na ile hewa nzuri niliyoifungia ilikuwa hewa ya mianzi, yenye maji tele. Nikafuta kwa shati nje. Ukungu uko ndani. Nikafuta tena, labda.

Nikapima mambo mawili. Nikifungua, nitafuta ukungu na kuua diski. Nisipofungua, labda utaondoka wenyewe. Nikachagua labda.

Kileleni jua lilikuwa linawaka na mbingu bila wingu. Aberdare upande huu, bonde lote upande ule. Mwalimu aliegemea fimbo yake, uso kwa bonde. Nilidhani amechoka, kumbe macho yamemjaa machozi. Akatoa karatasi na kumsomea dada yake salamu, upepo ukipiga kama shuka kwenye kamba. Nilimwelekezea mkebe kwa ustadi wote. Kwa jicho la pembeni nikamwona Wariara ametoa kidude chake. Mgeni!

Baada ya hapo Kipngeno akafungua chapati. Mwalimu akaniambia niutue mkebe pale juu ya jiwe nikale, yeye anataka kukaa kidogo peke yake. Akauliza kamera iko vipi. Nikamwambia, "Imefungwa, Mwalimu." Akaitikia kwa kichwa. Sisi tukaenda kula upande wa pili.

Jumapili, Februari 9

Nimefungua mkebe na kuiunganisha kamera na televisheni. Diski imeandika yote, bila mkwaruzo! Kwa sayansi, nimeshinda.

Kwa picha, ni saa tatu za weupe kama maziwa, mpaka betri ilipokwisha. Kuna mahali doa jeusi linapita. Malak anasema ni Mwalimu. Mimi naona ni kidole changu.

Nimepata njia. Kesho nitafika Subukia mapema kabla ya Wariara, niwaambie kileleni kulikuwa na ukungu mzito. Si uongo kamili. Ukungu ulikuwepo.

Jumatatu, Februari 10

Nilifika Subukia saa mbili asubuhi. Wariara alikuwa ameshafika, anakunywa chai.

Chepngeno alikuwa ameegemezwa kwa mito, kitambaa kipya kichwani, kitanda kimegeuzwa kikaelekea televisheni. Mama huyu amengoja mlima huu tangu 1976, walipopanga kuupanda. Nikaona haya kidogo, lakini nilikuwa nimeshachomeka waya. Nikasema juzi kileleni kulikuwa na ukungu wa ajabu. Kipngeno akanitazama. Wariara akatazama ndani ya kikombe chake, hakunisaliti. Hilo nitalikumbuka.

Maziwa yakajaa kwenye televisheni. Lakini sauti! Mkebe ulikuwa umezuia upepo wote. Kila neno la salamu likasikika kama Mwalimu yumo chumbani. Chepngeno akafumba macho, akasikiliza huku akitabasamu. Nikaanza kupumua.

Salamu zikaisha. Nikawa natafuta kitufe cha kuzimia, na miwani yangu ilikuwa imebaki kwenye koti. Ikasikika fimbo ikiwekwa chini. Kisha sauti ya Mwalimu tena, ya chini, karibu kabisa.

"Chepngeno, ule mwaka ulipougua na mimi nikapanda na wenzetu wa chuo, sikufika. Niliogopa kwenye mianzi nikarudi. Nilikudanganya habari ya kilele. Leo ndio nimekiona. Afadhali nimeisema, hata kama ni kwa mawe."

Mwalimu akanigeukia. Akasema polepole, "Uliniambia imefungwa."

Nikamwambia nilimaanisha mkebe.

Katika maisha yangu sijawahi kutamani shimo kama wakati ule. Mwalimu ni mwanamke wa miaka sabini aliyefundisha nusu ya bonde hili kusema kweli. Akaenda kukaa ukingoni mwa kitanda, hakuweza kumwangalia dada yake.

Chepngeno akamshika mkono. Akasema, "Viatu vilikuwa vyangu, Cheruto. Vilirudi safi. Nimejua miaka yote."

Mwalimu akauliza kwa nini basi hakusema. Chepngeno akajibu kwamba alikuwa akilipenda lile simulizi. Kila akiumwa alimwomba amsimulie tena, na kila mara kilele kilikuwa kikizidi kuwa kizuri. Wakaanza kucheka, kwanza mmoja, kisha wote wawili, hadi Chepngeno akalalamika nyonga.

Baadaye Wariara akaonyesha za kwake. Picha safi kama maji: anga, bonde, Mwalimu na karatasi yake. Sauti hakuna, upepo mtupu. Akaniomba sauti yangu, akaiweka juu ya picha zake kwenye kompyuta ndogo. Midomo na maneno vikakutana. Chepngeno ameitazama mara nne. Kipande cha mwisho aliomba kisifutwe.

Alhamisi, Februari 13

Nimempigia Kipkemboi kumpa habari ya ushindi wa mkebe. Akasema hongera, ila hatuwezi kujua. Watengenezaji huacha nafasi ya usalama. Pengine kwa mita mia tatu na kitu diski ingesalimika hata bila mkebe. Ili kujua, ingebidi kamera mbili zipande pamoja, moja ndani ya mkebe, moja nje. Alikuwa anatania, nadhani.

Sijalala. Swali zuri namna hiyo linawezaje kuachwa?

Wariara amekuja na pendekezo. Kuna kikundi cha kanisa kinachokwenda Mlima Kenya mwezi ujao, hadi Lenana, karibu mita elfu tano, na kinataka kurekodiwa. Twende pamoja: yeye picha, mimi sauti, kwa kinasa sauti kidogo cha kadi. Ni binti mwenye adabu. Nikamwambia nitalifikiria.

Nimeshawapigia wenye safari, nimeichukua kazi peke yangu. Jana nimepata kamera ya pili ya diski sokoni, sawa kabisa na yangu. Moja itapanda na mkebe, nyingine bila. Kiongozi wao aliuliza kama vifaa vyangu vinahimili huko juu. Nikamwambia mwinuko haujawahi kuwa shida. Shida ni watu wasiojiandaa.