Gazeti Lililonyweshwa Chai

Profesa hakuwahi kufundisha popote, na hata kufundishwa hakufundishwa sana. Ila alikuwa na miwani ya kisomi na sauti ya mhadhara, basi mtaa ukampa cheo hicho bila mtihani. Aliuza vitabu vya kale na makaratasi ya zamani kando ya barabara: ramani, kalenda, tiketi za meli, menyu za hoteli zilizokwisha kubomolewa. Nusu ya mali hiyo ilizaliwa juzi kwenye mashine ya fotokopi, ikaogeshwa chai ya rangi, ikaanikwa juani, na jioni yake ikawa na umri wa miaka sabini.

Siku hiyo alikuwa sebuleni kwa mjane mmoja ambaye marehemu mumewe alikuwa mpanga herufi kwenye kiwanda cha uchapaji, enzi za kuchapa kwa herufi za madini ya risasi. Mama wa watu alitaka kupunguza makaratasi. Chini ya ratiba za treni Profesa akakuta bati la biskuti, na ndani ya bati, toleo la kwanza kabisa la gazeti la kwanza la mji ule. Kurasa nne, nyeupe, safi, kama zimetoka mashineni asubuhi ile. Moyo ulimruka. Uso wake, ambao ndio mtaji, ulibaki na huzuni ya msibani.

"Mama, nisikudanganye," alisema, maneno ambayo daima hutangulia uongo wake mnono. "Hizi ni za kufungia karanga. Lakini kwa heshima ya marehemu, nitakubebea zote."

"Mungu akubariki, mwanangu. Chukua na bati lake."

"Bati baki nalo, mama. Litakufaa."

Akatoka akijiona mkarimu kupindukia.

Nyumbani mkewe alikuwa amekalia cherehani. Tangu mwezi uliopita alikuwa akililia jambo moja tu: chumba cha duka kule sokoni, chenye mlango na kufuli, ambacho mwenye chumba aliahidi kuwashikia mpaka Ijumaa. Na kesho ilikuwa Ijumaa.

"Mke wangu, hili ni halisi."

"Hata ile barua yako bandia ya nahodha ulisema hivyo hivyo."

"Niangalie machoni."

Mkewe akamwangalia, akaogopa, maana hakuwahi kuyaona macho yale yakisema kweli. "Basi liuze lilivyo," akasema taratibu. "Tupate mlango wetu. Nimechoka kukuona ukikimbia askari wa manispaa na kalenda kichwani."

Profesa akaapa. Lakini mkewe alipotoka kupeleka gauni kwa mteja, alilitazama tena lile gazeti, na weupe wake ukamtia wasiwasi. Kwa miaka ishirini hakuwahi kumwona mteja akilipia uzee mweupe. Wateja wake walitaka manjano, walitaka madoa, walitaka karatasi inayokohoa. Mkono ukaenda wenyewe kwenye birika.

Asubuhi alikuwa kwa Hakimu mstaafu, mkusanyaji tajiri kuliko wote mjini. Hakimu akalipokea gazeti, akalinusa.

"Safari hii hukutia sukari," alisema. "Ile ramani uliyoniuzia mwaka jana, sisimizi walilila bara lote wakaniachia bahari."

"Mheshimiwa, hili ni halisi! Naapa!"

"Na chai?"

"Chai ni yangu. Gazeti ni la kweli."

"Yaani umechukua kitu halisi, ukakifanya kifanane na bandia, ili mimi niamini ni halisi?"

"Hasa!"

"Miaka thelathini mahakamani sijasikia utetezi wa namna hiyo."

Hakimu akapapasa mgongo wa ukurasa kwa kidole gumba, polepole, macho kafumba. Akashusha pumzi. Akasema atalichukua kama kichekesho cha wageni, kwa bei ya shati la mtumba.

"Shati!"

"Au niwapigie simu wakusanyaji wenzangu niwaambie nimenusa chai. Halafu utaliuza kwa nani? Ila andika hapa kwamba ni bandia na umelitengeneza mwenyewe, wajukuu wangu wasije wakasema babu kaibiwa."

Profesa akaandika, akatia sahihi. Alikuwa amedanganya maisha yake yote, lakini uongo huu ndio wa kwanza kumuuma.

Mlangoni Hakimu akamshika bega. "Ukipata jingine, usilinyweshe chai. Kulisafisha hili kutanichukua wiki nzima."

"Kulisafisha?"

"Herufi za risasi hugandamiza karatasi. Ukipapasa nyuma, unazisikia. Fotokopi zako ni laini kama sahani." Akafunga mlango.

Profesa alilia "Mwizi! Mwizi!" mpaka mlinzi wa jirani akaja na rungu.

"Kaiba nini?"

"Gazeti langu halisi!"

Dirisha likafunguka, karatasi ikatolewa nje. Mlinzi akaisoma, akamtazama Profesa juu mpaka chini. "Mwandiko huu wa nani?"

"Wangu! Lakini nilidanganya!"

"Ndivyo ulivyoandika," alisema mlinzi, akamsindikiza mpaka barabarani kwa adabu zote.

Aliteremka hadi sokoni. Mkewe alikuwa amesimama mbele ya kile chumba, kavaa gauni la kutokea, mwenye chumba pembeni akitikisa funguo. Profesa akamvuta mkewe kando, na kwa mara ya kwanza tangu wafunge ndoa akamweleza ukweli mtupu, tangu bati la mjane hadi sahihi kwa Hakimu, bila kuongeza chumvi. Alipomaliza, hata machozi yalikuwa ya kweli.

Mkewe alimsikiliza mpaka mwisho, mkono kiunoni.

"Acha uongo, baba," akasema. "Pesa umezificha wapi?"