Deraya Nyeusi Haitanishinda

Jumapili, 2 Machi
Chakula cha mchana kwa mama mkwe. Shemeji, kaka wa mke wangu, daktari wa meno, kaja na kisanamu chake. Askari wa kale, urefu wa kidole gumba, vazi la chuma mwilini, deraya nyeusi iliyochakaa, kingo zimechubuka, kutu imetambaa kwenye viungo. Utadhani katoka vitani jana. Mama mkwe kakishika kama yai. Kisha kashika changu. Kauliza kama ni kipande cha mkaa.

Jumamosi ni shindano la kupaka rangi visanamu katika kilabu chetu cha mchezo wa vita vya mezani. Kisanamu kitakachoshinda ndicho jemadari wa jeshi letu mwaka mzima. Nimetangaza mbele ya wakwe wote kwamba jemadari atakuwa wangu. Shemeji kasema kwa upole kuwa nyeusi haipakwi kwa nyeusi tupu. Ananifundisha rangi! Mimi fundi rangi, niliyepaka maghorofa. Nimewahi kumfundisha kung'oa jino?

Jumatatu, 3 Machi
Rangi ya mageti. Nyeusi hasa, haina mzaha. Nimepaka mkono wa kwanza, nikapaka mkono wa pili. Pua imezama. Macho pia. Mke wangu kasema jemadari anang'aa kama kiatu cha gwaride, ila hajui mbele ni wapi. Nimemwambia adui naye hatajua.

Jumanne, 4 Machi
Sasa achakae. Shemeji huchora uchakavu kwa brashi. Huo ni uongo mtupu. Chuma huchakaa kwa kupigwa. Nimemtia jemadari kwenye kopo la kokoto kazini, nikatikisa. Msimamizi kauliza nafanya nini. Nachanganya rangi, nikasema. Jemadari katoka bila mkono wa upanga. Rangi haina hata mkwaruzo. Rangi nzuri sana ile.

Nimeugandisha mkono kwa gundi. Umeelekea nyuma kidogo. Anajikuna mgongo. Hata majemadari huwashwa.

Alhamisi, 6 Machi
Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mimi nililala chali. Nimekwenda kliniki kwa shemeji nikijishika shavu, nikidai jino linaniua. Nilijua kisanamu chake hukaa dirishani pale. Nilitaka kuona kwa macho yangu, niibe siri, niondoke.

Nimekiona. Pembeni kulikuwa na kipande cha sponji kilichobanwa kwa koleo ndogo. Basi nikaanza kuinuka. Shemeji kanirudisha kwa mkono mmoja. Kachungulia kinywani. Kasema kweli, shemeji, hili limeoza, umefanya vizuri kuja mapema.

Ganzi. Koleo. Na wakati ananing'oa, ananieleza. Anza na nyeusi yenye bluu kidogo. Kingo zipitishie kijivu. Chovya sponji kwenye kahawia, ifute karibu yote, ndipo uguse, na uguse pale tu chuma kinaposuguana. Siri zote, bure, mdomo wangu ukiwa wazi kama tundu la panya. Nilijitahidi nisisikie. Nilikuja kuiba, sikuja kufundishwa.

Ijumaa, 7 Machi
Shavu limevimba. Nia haijavimba. Nimetumia sponji yangu ya kazini, ya kuoshea kuta. Ni kubwa kuliko jemadari mara ishirini, lakini sponji ni sponji. Sasa ana kutu utosini, kutu machoni, kutu hadi kwenye upanga. Tofali lenye miguu.

Mke wangu, ambaye ni msusi na ana vidole vyepesi, kanipokonya. Kafuta bega la kushoto kwa pamba. Kagusa kijivu hapa, kahawia pale, karibu na ukingo. Bega likawa chuma. Chuma cha kweli, kilichonyeshewa mvua na kuvaliwa na mtu. Nimeliangalia kwa muda mrefu. Nikalisogeza kwenye taa mara mbili, kwa ukaguzi tu, bila shaka.

Kauliza kama aendelee na bega la pili. Nikasema hapana, huyu jemadari ni wangu.

Jumamosi, 8 Machi
Mwamuzi alikuwa fundi saa, na lenzi yake jichoni. Kwa kisanamu cha shemeji kainamisha kichwa kwa heshima. Kwa changu kasimama muda mrefu. Wanachama wakasogea. Nikapanua kifua.

"Bega hili la kushoto," kasema, "ndiyo kazi bora kuliko zote mezani. Nani kalipaka?"

Nikasema ni kazi ya karakana yangu. Kauliza karakana hiyo ina watu wangapi. Mke wangu, aliyekuja kutazama, akakohoa.

Shemeji kashinda. Mke wangu kapewa uanachama palepale, kwa makofi. Mimi nimekuwa wa mwisho, nyuma ya binamu wa mweka hazina wa kilabu, ambaye hakupaka rangi kabisa.

Shemeji kanishika bega nje. Kasema kesho nakuja kwako, shemeji, tupake pamoja, sote watatu. Nimemwambia kesho nina shughuli.

Jumapili, 9 Machi
Wako sebuleni kwangu, kaka na dada, vichwa vimegusana juu ya askari mpya. Wanacheka. Nasikia maneno "bluu kidogo". Kuna kiti cha tatu. Kitupu. Wamekiweka makusudi.

Siendi. Nimeshagundua kosa lilikuwa wapi, na halikuwa langu. Nyeusi ni rangi ya hila, inawafaa watu wa hila. Mwakani namtengeneza jemadari wa deraya nyeupe. Nyeupe haina siri. Unapaka, imekwisha. Tena nina ndoo nzima stoo.