Mzabibu wa Mke Wangu

Jumatatu, 4 Septemba
Bomba limekauka. Maji sasa ni mara mbili kwa wiki. Mtaa mzima unalia, mimi natabasamu. Mke wangu kaenda kumuuguza dada yake, kaniachia mzabibu aliorithi kwa mama yake. Amri: ndoo moja kila jioni. Maskini, hajasoma! Mzabibu ukibanwa maji, sukari hujaa kwenye tunda. Kijitabu changu cha kilimo kinasema tusubiri zabibu zianze kubadilika rangi ndipo tubane maji. Hizi bado za kijani, ngumu kama gololi. Lakini kijitabu kimeandikiwa wavivu.

Alhamisi, 7
Ndoo ya mzabibu naogea. Raha! Shemeji, kaka wa mke wangu, fundi cherehani wa nyumba ya pili, kachungulia ukutani. Akauliza kama nataka kuua mti wa mama yake. Nikamweleza jani linavyopoteza maji, dakika arobaini. Akadai ana suruali ya mteja. Kukimbia elimu!

Jumatano, 13
Siku tisa bila tone. Majani yametanuka, zabibu zinanenepa. Nilisema! Mke wangu kapiga simu, kauliza mara tatu kama namwagilia. Nikajibu mti haujawahi kupata mlezi kama mimi. Si uongo.

Jumamosi, 16
Uchafu! Shemeji anamwaga maji ya kufulia chini ya ukuta, hatua mbili kutoka shina. Dimbwi, mbu, povu. Nikamwamuru ayaelekeze kwingine. Akasema eti, shemeji, mizizi haijui ukuta, mti unakunywa huku kwangu. Nilicheka hadi machozi. Mshona suruali anifundishe mizizi! Nikataja bwana afya. Akasema haya mzee, umetaka mwenyewe, akageuza mfereji kwenye migomba yake. Ushindi.

Ijumaa, 22
Majani yamejikunja, kingo za njano. Zabibu zimesinyaa, ukigusa kichala, zinapukutika. Husuda ya shemeji, hakuna lingine.

Jumapili, 24
Mke wangu karudi. Kashika shina, kakwaruza gome kwa ukucha. Kisha akasema mwaka huu hatuna zabibu. Tuombe Mungu mti uchipue. Akaongeza kwamba yale maji ya kufulia alimwomba kaka yake ayamwage pale, kwa sababu, baba watoto, nakujua.
Kumbe! Basi jaribio langu lilichakachuliwa tangu siku ya kwanza, na matokeo yake ni batili kabisa. Nimemweleza hivyo. Kachukua ndoo, kaenda kumwagilia.
Alhamisi anarudi kwa dada yake. Mti kamkabidhi shemeji. Mimi nimeachiwa kuku. Nao, ukitafakari kisayansi, wakinywa maji kidogo lazima watage mayai mazito zaidi.