Baragumu Lisilo na Kibali

Napenda kuutangazia umma kwamba Samoa sasa ni salama kuliko wakati wowote tangu kuumbwa kwa bahari. Nasema hayo kwa mamlaka niliyopewa mimi, Sekone, Afisa Habari wa Ofisi ya Hatari Zisizojulikana. Mwenye kubisha aje ofisini, atakuta foleni.

Usalama huu tumeletewa na Jicho, mtambo wa wafadhili wa ng'ambo, wenye kamera na masikio kila barabara. Linajifunza lenyewe, linaamua lenyewe, na linaendesha kufuli za magari yote ya serikali. Mwanzoni lilipiga ving'ora kila jioni kwa sababu ya kijiji changu, Satuilagi. Kwetu baragumu la kombe la baharini likilia, watu wote huingia ndani kusali, wala gari halipiti mpaka lilie tena. Sisi tunaita sa. Jicho, likiona barabara tupu, liliita "maangamizi ya raia."

Mkurugenzi wetu, Mheshimiwa Asiata, akatoa mwongozo: wakati wa sala kila familia itoe mtu mmoja wa kutembea barabarani, kuuthibitishia ulimwengu kwamba bado tuko hai.

"Atembee kwenda wapi?" akauliza Fa'atoia, mpuliza baragumu wetu, jamaa mwenye tumbo kubwa na mapafu makubwa zaidi.

"Popote. Cha msingi ni mwendo."

"Na Mungu tumwambieje?"

"Mungu si mdau wa mradi huu," akasema Mkurugenzi.

Hakutoka hata mtu mmoja. Wiki zikapita, watu wanasali, Jicho linatazama. Mkurugenzi akapandwa na hasira, akatangaza kwamba baragumu ni chombo cha mawasiliano kisichosajiliwa, na ni marufuku kulipuliza bila kibali chenye sahihi yake. Tukaenda kulichukua. Lilikuwa la babu yake Fa'atoia. Alilipakata kwanza, kisha akanikabidhi.

"Sekone, hili lililia siku ya ubatizo wako. Leo unalitia garini kama kuku wa wizi?"

Niliona aibu, nikamwandikia risiti.

Jioni ile ile Mkurugenzi akaamua kuonyesha mfano. "Wakiniona mimi napita, watatoka wenyewe." Kijijini waligonga mtungi mtupu wa gesi badala ya baragumu, wakaingia ndani. Barabara nzima tukabaki sisi, mimi nikiwa kwenye usukani.

Gari likazimika. Milango ikajifunga, ta! Jicho likasema redioni: "Tishio limetambuliwa. Kuna mtu anatembea wakati wa sa."

Kumbe wiki zote zile lilikuwa linajifunza. Lilishaelewa kwamba saa hiyo watu wema hutulia.

"Pumbavu!" akafoka Mkurugenzi. "Mimi ndiye niliyekuzindua!"

"Tishio lina hasira. Wafadhili wamejulishwa. Milango itafunguka baragumu likilia."

Tukageuka. Baragumu lilikuwa kwenye kiti cha nyuma, limefungwa mkanda.

Sala ikaisha, mtungi ukagongwa, lakini Jicho halikuujua mtungi. Kijiji kizima kikalizunguka gari. Fa'atoia akainama kwenye upenyo wa dirisha.

"Mheshimiwa, salama humo? Mbona mnatiririka jasho?"

"Puliza hiki kidude chako!"

"Kitapita wapi hapa? Puliza mwenyewe, si una kibali?"

Nilijitolea, Mkurugenzi akaninyang'anya; ilikuwa kazi ya ngazi yake. Akapuliza. Ikatoka sauti ya mbuzi aliyekanyagwa mkia. Akina mama wakashikana mabega kwa kicheko.

"Bosi, hupozi chai!" akasema Fa'atoia. "Bana midomo, pumzi itoke tumboni! Hilo tumbo si la mapambo!"

Alipuliza mpaka macho yakamtoka, na mwishowe likalia. Milango ikafunguka. Baraza la machifu likamtoza nguruwe kwa kuvunja sa. Mimi nilitozwa nguruwe mdogo, kulingana na cheo.

Somo lile Jicho likalisambaza nchi nzima: gari lolote la serikali linalotembea wakati wa sa hujifunga mpaka baragumu la Satuilagi lisikike. Amri ya kibali nayo haikufutwa, kwani kuifuta ni kukiri kosa, na Ofisi haina idara ya kukiri. Kwa hiyo Fa'atoia alirudishiwa baragumu kwa utunzaji tu, bila kibali, na kila jioni Mkurugenzi huja kukaa mkekani kulipuliza, huku akirekebishwa midomo.

Jana alichelewa. Saa ya sa ikamkuta njiani, gari likamfunga. Waziri wetu naye akafungiwa lake, akampigia simu Fa'atoia.

"Puliza hilo baragumu sasa hivi!"

"Sina kibali, mama."

"Nakupa mimi!"

"Sahihi ni ya Mkurugenzi, na Mkurugenzi kafungiwa garini. Mimi nipo hapa, nimelipakata. Tulia tu, mama. Sali."

Naweza kuthibitisha, kwa niaba ya serikali, kwamba Waziri alisali. Nilikuwa nimekaa pembeni yake garini, na alisali kwa sauti.