Waya Uliomfuta Bi Hamisa

Jumatatu, 4 Agosti. Kibaha.

Nimeamua. Safari hii Badru hanipiti.

Badru ni mwanyumba wangu. Yeye kaoa dada mtu, mimi nimeoa mdogo wake, Raudha. Wiki ijayo Jumamosi anaolewa kitindamimba wao, Mwanamkuu, na baba mkwe wetu, Mzee Kibwana wa Marui, hajasema bado nani kati yetu atakuwa msemaji wa familia. Kusimama mbele ya watu. Kutambulisha wajomba. Kazi hiyo nimeumbiwa mimi. Lakini Badru yuko bandari kavu ya Kwala, ana gari, na sikukuu ya Idi alimpelekea mzee spika kubwa kama friji. Mimi nilipeleka mihogo. Marui, kwenye mihogo yao.

Hata hivyo, spika haimpendezi mzee. Anasema inamgonga kifuani. Anachopenda ni kanda ya zamani ya kikundi chao cha taarabu, enzi alipokuwa akipiga fidla. Raudha ameniwekea nyimbo zote kwenye simu. Hedifoni ninazo, nzuri, zinafunika sikio zima. Nikimvalisha mzee hizo, na sauti ikawa ya ajabu, Badru kwisha.

Tatizo ni waya wa hedifoni. Wa kawaida mno.

Jumanne, 5 Agosti.

Nimeangalia video tatu za bwana mmoja mwenye ndevu. Anasema waya wa kiwandani unaubana muziki, na kwamba waya wa shaba iliyopakwa fedha unaufungulia. Nimeupata Mailimoja. Mweupe, umesukwa kama nywele za bibi harusi.

Raudha akauliza waya wa zamani una kasoro gani. Nikamwambia hauna kasoro yoyote, na hapo ndipo watu wanapodanganyika. Akaniangalia kidogo, akaendelea kuchambua mchicha.

Alhamisi, 7 Agosti.

Nimeukata wa zamani. Kichomeleo cha kuunganishia nyaya nimeazima kwa Silvanus wa masjala ya ofisini kwetu, ambaye alitaka kujua kama nimewahi kukishika. Maswali ya watu wa masjala.

Nimeunguza kidole. Nimeunguza kitambaa cha meza. Nimeunguza kidole kile kile. Ndani ya waya mna nyuzi ndogo zenye rangi, na rangi za waya mpya hazifanani na za zamani, kwa hiyo nimetumia akili. Uzi mmoja ulikataa kabisa kushika. Nikaukunja kwa adabu ndani ya pini, ile ya kuchomeka kwenye simu, nikafunga kifuniko.

Kisha nikavaa.

Sijui niandike vipi. Fidla ya mzee, ambayo miaka yote ilisikika kama mbu nje ya chandarua, ilikuwa katikati ya kichwa changu. Akodiani huku. Ngoma kule. Kuna mtu amekohoa, na kikohozi chake nimekisikia chote. Nikamshika Raudha mkono tukazunguka jikoni, naye akacheka, akavaa.

Akasikiliza. Akauliza mbona mama haimbi.

Nieleze hapa kuwa mwimbaji wa kikundi kile alikuwa mama mkwe wangu mwenyewe, Bi Hamisa. Nikamwambia Raudha huo ni utangulizi. Akasema wimbo umeisha. Nikamwambia masikio yake hayajazoea sauti safi.

Ijumaa, 8 Agosti. Marui.

Nanenane, ofisi zimefungwa. Tumekuja na gari la Badru, nami nimevumilia njia nzima akinieleza namna ya kukwepa mashimo.

Tumemkuta mzee kibarazani. Shikamoo, marahaba, habari za Kibaha. Badru kabla hajakaa vizuri nikatoa hedifoni na kumvalisha mzee mwenyewe.

Kwanza alikunja uso. Halafu mkono wake wa kushoto ukaanza kucheza hewani, vidole vikibonyeza nyuzi zisizokuwepo. Macho yakamjaa maji.

“Ndiye mimi huyu,” akasema kwa kelele, kama wasemavyo wote wenye hedifoni. “Siku zote nawaambieni nilipiga, hamsikii. Kumbe kulikuwa na mtu ananifunika.”

Badru alikuwa anatazama viatu vyake. Sijawahi kuwa na furaha kama ile.

Bi Hamisa alikuwa anakuna nazi mlangoni. Akauliza huyo mtu ni nani. Akafuta mikono, akazichukua, akavaa. Alisikiliza mpaka mwisho. Akazivua polepole.

“Mkwe wangu,” akasema, “mimi nimekwenda wapi?”

Nikamweleza kuwa waya huu ni wa hali ya juu na unaondoa uchafu wote. Raudha alinikanyaga mguu, lakini neno lilikuwa limeshatoka.

Chakula kilikuwa kitamu kwa wengine. Mimi sahani yangu ilikuja bila nazi.

Jumamosi, 9 Agosti.

Asubuhi Badru akaomba kuziona. Akafungua kifuniko cha pini kwa ncha ya kisu, na uzi wangu ukaruka nje. Akasema huo haujagusa popote, ndiyo maana hedifoni zinatoa tu sauti za pembeni, na mwimbaji, aliyerekodiwa katikati, anafutika. Akamvalisha mzee, akaugusisha kwa ukucha. Bi Hamisa akarudi. Akauachia. Bi Hamisa akaondoka.

“Muache aondoke kidogo,” mzee akasema. “Kipande changu kinakuja.”

Bi Hamisa akasimama, akaingia ndani. Tulidhani amekasirika. Mwanamkuu alianza kumfuata, mara tukamwona mama anatoka na fidla yenyewe, imezungushiwa khanga. Akaiweka mapajani pa mzee.

“Haya, Kibwana. Piga hapa, nami nipo hapa. Tujue nani anamfunika nani.”

Mzee alihangaika nayo sana kuzikaza nyuzi. Mlio wa kwanza ulimtoa kuku chini ya kiti. Wa tatu ulikuwa muziki. Bi Hamisa akaimba, naye sauti bado anayo, yote. Majirani wakaja, mmoja na sufuria, akaanza kuipiga. Mwanamkuu alicheza na unga mikononi. Badru alicheza vibaya sana, nami nikampisha kwa moyo mweupe kwa sababu nilicheza vibaya zaidi. Na wimbo ulipofika kwenye kipande cha mzee, Bi Hamisa alinyamaza mwenyewe, akamtazama, akamwachia uwanja. Mzee akapiga kama kijana anayeposa.

Uamuzi ukatoka baada ya chakula. Harusini watapiga wao wawili. Msemaji ni Badru. Niliumia, lakini Bi Hamisa akasema bila mimi fidla ingebaki stoo, kwa hiyo nami nina kazi: kuchukua Kibaha kipaza sauti cha kukodi na kukileta Marui.

“Ukilete tu,” akasema. “Kukileta, baba, basi.”

Nimewekewa nazi mara mbili.

Jumatano, 13 Agosti. Kibaha.

Kipaza sauti ninacho. Kizuri, kizito mkononi. Nimejitambulisha kwenye kioo mara kadhaa, na wajomba wote.

Ila waya wake. Mweusi, mnene, wa mpira, kama wa kumfungia mbuzi. Mtu ana sauti kama ya Bi Hamisa, halafu unaipitisha humo? Raudha amekwenda kwa mshonaji kuchukua sare na atachelewa. Na ule mweupe umebaki kipande kirefu tu.

Nimeshakata. Ndani mna nyuzi tatu. Mbili zimeshika vizuri sana, na kwa nilivyoona, mbili zinatosha.