Matoleo ya Misa ya Pili Yananiharibia Kazi

Kwa Padri Grégoire, Paroko wetu,
Bukavu.

Padri mpendwa,

Nakuandikia kwa heshima yote, na kwa hasira kidogo. Mimi ni Maman Colette wa Kadutu, yule anayepanga maonyesho ya mavazi. Kazi hii nilijifundisha mwenyewe, nilipogundua kwamba kikwembe, hiki kitenge chetu, kikivaliwa na mtu anayetembea kinauzwa mara tatu zaidi kuliko kikikunjwa mezani. Sasa vijana wananiuliza kama kazi hii iko na mbele. Kabla sijawajibu tuelewane, Padri, maana hiyo mbele umeikalia wewe.

1. Maandamano ya matoleo katika misa ya pili ni onyesho la mavazi. Tusidanganyane. Akina maman kumi na wawili wanapita katikati ya kanisa wawili wawili, taratibu, vikapu vya mananasi kichwani, ngoma zinalia, watu elfu moja wanageuza shingo. Mimi nikipata themanini namshukuru Mungu.

2. Mwezi uliopita, mlangoni mwa ukumbi wangu, jirani yangu Elodie alinicheka mbele ya watu: "We Colette! Nilipe dola tano juu ya kumuangalia Lucie anatembea? Siku ya Mungu nitamuangalia bule, tena na baraka!" Watu sita nyuma yake wakageuza, wakarudi kwao.

3. Huyo Lucie alikuwa manekeni wangu bora. Miaka minne ametembea kwangu, akaambulia mafua. Kwako amebeba ndizi mara moja tu, na wazazi wa kijana mmoja wa Katana wakaja kupiga hodi kwao. Tangu hapo manekeni wangu watano wamekimbilia matoleo. Wamebaki wawili, na mmoja anachechemea.

4. Ulihubiri kwamba tusije misa kuonyesha nguo. Padri, tangazo gani lingepita hilo? Wiki ile ile fundi wa cherehani wa mtaani kwetu alikataa kazi mpya kwa wingi wa nguo za kushona.

Kwa hiyo naomba moja kati ya mawili: wabeba matoleo wavae nguo za shamba, kama mananasi yenyewe, au parokia iniajiri niyapange hayo maandamano kama inavyopaswa. Malipo yangu ni sehemu moja ya kumi. Hesabu hiyo unaijua.

Jumapili ijayo saa tisa nina onyesho. Nimekodi viti mia mbili, nimeuza tiketi kumi na moja. Likianguka hilo narudi sokoni kukunja vikwembe, na vijana watakuwa wamepata jibu lao.

Nisalimie masista, kwaya yote, na mzee anayelinda lango la parokia.

Mwanaparokia wako, mtiifu hata nikinuna,
Maman Colette

N.B. Kabla sijafunga bahasha, katekista amepita: Jumapili ijayo matoleo ni zamu ya mtaa wetu, na mimi ndiye nitakayetangulia. Onyesho la saa tisa nimelifuta. Wale wa tiketi kumi na moja nimewaelekeza misa ya pili. Hizo nguo za shamba zianze na mtaa unaotufuata. Na kwaya, Padri, tafadhali, isiharakishe.