Moroko Iko Lindi

Siku Kagiri alipotangazia mkutano wa wenye ploti kwamba anaenda Moroko, Shiundu alikuwa nje akipaka geti rangi. Brashi ikamsimama mkononi. Harufu ya uongo yeye huitambua kutoka mbali, kama wengine wanavyotambua ya nyama choma.

Kagiri alisukumwa na wivu. Chege, mpinzani wake wa kiti cha mwenyekiti wa wenye ploti pale Kawangware, alikuwa ametoka Dubai majuzi, na tangu hapo alikuwa hamalizi sentensi bila kupitia Dubai. Kagiri akaona kura zinamhama. Akasimama, akavuta suruali juu.

"Dubai ni ya watu wa shopping. Mimi naenda Moroko. Nabeba begi mgongoni, napanda treni, halafu nakata jangwa kwa miguu. Kama mzungu!"

Makofi. Kasoro ilikuwa moja tu: Kagiri alikuwa na nyumba za kupangisha zisizohesabika, lakini hata nauli ya kwenda Limuru alikuwa hawezi kuilipa kabla ya kuomba apunguziwe.

Shiundu alimvizia akitoka.

"Mzae, Moroko ni pesa ndefu."

"Nani amekuuliza?"

"Hakuna. Lakini kuna Moroko ya bei nafuu. Na haina ndege."

Kagiri akaangalia nyuma, akaangalia mbele. "Endelea kupaka rangi," akasema, "na uongee polepole."

Mpango ukawa hivi: Kagiri ajifiche wiki mbili katika chumba cha Shiundu kule Lindi, Kibera, mahali ambapo tajiri wa Kawangware hafiki ila akiwa amepotea. Nusu ya malipo sasa, nusu "akirudi safari". Shiundu akahamia sakafuni kwa rafiki yake Derrick, akijifariji kwamba hiyo nusu ya pili ingemfungulia kibanda cha kinyozi, aachane na mageti ya watu.

Jioni ya kwanza treni ikapita, mabati yakatetemeka. Kagiri akachomoa simu.

"Mama Becky! Sikia! Treni ya kwenda Marakeshi hiyo!"

"Nimeisikia, Baba Becky," mkewe Wakarima akajibu. "Na huyo anayepiga kelele 'omena, omena' kama muuza samaki ni nani?"

Kagiri akasukuma dirisha lifunge. "Ni konda. Anataja stesheni."

"Omena ni stesheni?"

"Kubwa sana! Ukishapita hapo unaona jangwa."

Jangwa lenyewe lilikuwa rundo la mchanga wa ujenzi kule kijiji cha Raila, humo humo Kibera. Kagiri alipanda juu, taulo kichwani, begi la shule la binti yake Becky mgongoni.

"Ngamia ako wapi?"

"Ngamia ni extra, mzae."

"Basi achana na ngamia."

Shiundu alipoinua simu, fundi akatokea na koleo. "We mzee! Shuka kwa mchanga ya watu!" Picha ikamnasa Kagiri hewani, macho yamemtoka. Shiundu akaiandika, "Nikikimbia dhoruba ya Sahara," wakaituma kwa WhatsApp ya wenye ploti. Pongezi zikamiminika.

Shiundu akanogewa. Maji ya jerikeni akayauza kwa bei ya jangwani, na kila chapati aliyoleta ilikuwa imepitia forodha. Kagiri alilipa akigugumia kama jenereta.

Lakini, wapendwa, kuna kosa ambalo hata mwizi wa kuku hawezi kulifanya: kumweka landlord karibu na nyumba za kupanga, halafu umwache bila kazi. Haikuchukua muda Kagiri akawa anatoka na taulo lake, mlango hadi mlango. "Hapa mnalipa ngapi? Maji je? Na stima?" Jirani mmoja, Jentrix, akamdokezea kwamba mwenye hiyo line ya vyumba, mzee Musembi, anatafuta wa kumuuzia arudi kwao Mwingi. Shiundu aliposikia alicheka. Mzee wa watu, si anapitisha tu wakati!

Siku ya kuchukua nusu yake, Shiundu alikuta kufuli mpya kwenye mlango wake. Kagiri alikuwa amesimama nje, begi mgongoni.

"Mzae, kufuli ya nini?"

"Hii chumba ina deni ya miezi miwili. Musembi alikuwa anakuonea huruma. Mimi sina huo ugonjwa."

"Kwani wewe ni nani hapa..."

"Nimenunua line yote. Ile nusu yako nayo imesaidia."

"Leo leo naenda kwa Mama Becky! Nitamwambia Moroko yako ilikuwa hapa!"

"Mwambie. Nitakosa kiti. Nikikosa kiti nakasirika, na nikikasirika napandisha rent. Milango yote. Na nitawaelezea majirani ni nani wa kushukuru."

Jentrix, aliyekuwa akigeuza mandazi mlango wa pili, akainua kijiko kirefu cha mafuta. "Shiundu," akasema taratibu, "funga domo."

Akalifunga. Usiku huo tena sakafu ya Derrick ikampokea.

Kule Kawangware, Kagiri alichaguliwa kabla soda hazijafunguliwa. Chege, kwa uchungu, akainua mkono.

"Mwenyekiti, tuambie basi. Watu wa Moroko wakoje?"

Kagiri akafumba macho, kama mtu anayeona vilima vya mchanga.

"Watu wazuri sana," akasema. "Lakini rent ilikuwa chini mno. Nimewarekebishia."